Mguu wa Kuku Barazani

Shati lilipanda kwa sababu ya kashata. Tulikuwa tumekaa barazani, nyuma kidogo ya soko la Darajani, baada ya magharibi, watu kama tisa hivi, muuza kahawa na dele lake katikati yetu. Mmoja wetu, tumwite Bwana Fulani, akanyoosha mkono kuchukua kashata kwenye sinia iliyokuwa upande wa pili. Shati lake, ambalo siku zote halichomekei, likapanda mpaka juu ya mkanda. Pale kiunoni, upande wa kulia, ukaonekana mpini mweusi wa bastola.

Sekunde mbili, labda tatu. Akakaa, shati likashuka, akaanza kutafuna kashata yake.

Hakuna aliyesema kitu. Mzee mmoja aliyekuwa katikati ya hadithi ya bei ya karafuu akaimaliza harakaharaka, kama mtu anayefunga duka mvua imeanza. Kijana mmoja aliyekuwa akiwapasha wakubwa wa manispaa kwa habari ya takataka, tena akiwapasha kwa raha zake, ghafla akakumbuka kuwa ana mgonjwa nyumbani. Na mimi, mwandishi wa habari mzima, mtu ninayelipwa kuuliza maswali, nikainamia kikombe changu kana kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani. Haikupita robo saa tukabaki wanne. Njiani jirani yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Yakhe, ushaona?" Nikamjibu nimeona. "Basi kimya, bwana." Tukaachana.

Nimekaa kimya wiki tatu. Leo nataka kusema, na nataka kusema kwa ubishi, kwa sababu tangu siku ile nimeshasikia hoja zote za kumtetea Bwana Fulani na hakuna hata moja iliyonikalia sawa.

Hoja ya kwanza ni ya sheria. Nimeulizia, nikaambiwa ni mfanyabiashara, anatembea na fedha nyingi mkononi, na leseni anayo. Sina sababu ya kumkadhibisha. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na raia akitimiza masharti anaweza kupewa leseni. Lakini tusome neno lenyewe: leseni. Ni ruhusa. Huombwa, hutolewa, huweza kufutwa. Wenzetu wa Marekani wana mambo yao. Kule Mahakama Kuu ya nchi ilitamka mwaka 2022 kuwa kubeba bastola nje ya nyumba ni haki ya kikatiba, na zaidi ya nusu ya majimbo hayamtaki mtu mzima awe na kibali chochote ili aifiche kiunoni. Sisi hatujafika huko, na Mungu atuepushe. Kwetu silaha mkononi mwa raia ni jambo la kuvumiliwa, ndiyo maana kila baada ya muda Polisi hutangaza muda wa watu kusalimisha silaha kwa hiari. Kwa hiyo anaponiambia mtu "ana leseni," mimi namjibu: sawa, dola imemruhusu. Baraza haijamruhusu. Na baraza nayo ina sheria zake, za zamani kuliko Bunge.

Hoja ya pili ndiyo inayonikera zaidi: "Lakini kaificha bwana! Hakumtishia mtu. Ingekuwa si ile kashata usingejua."

Hebu tuzungumze kuhusu kuficha.

Kisiwa hiki tunaishi kwa kubanana. Vichochoro vya Mji Mkongwe vina pahala watu wawili wakikutana mmoja lazima ageuke ubavu. Daladala ya Bububu ukiingia saa kumi na moja jioni, unajua jirani yako kala nini mchana. Msikitini tunasimama bega kwa bega, na imamu anatuhimiza tuzibe nafasi. Siku ya Idi tunakumbatiana, kulia kisha kushoto, mkono ukipita mgongoni. Sasa niambie, katika maisha kama hayo, unaficha wapi chuma cha ukubwa wa kiganja? Kubeba bastola kwa siri ni fikra ya mahali penye nafasi: gari la mtu mmoja, uwanja mpana wa kuegesha, majirani wanaopungiana mikono kwa mbali. Hata huko inawashinda. Wabebaji wa Marekani wana msamiati mzima wa namna umbo la bastola linavyojichora juu ya nguo, na maduka yanawauzia mashati, mikanda na mifuko ya kulizuia lisijichore. Kama mwenye koti zito na barabara pana hawezi, atawezaje mwenye shati la pamba kwenye joto la Machi?

Wahenga walisema penzi ni kikohozi, haliwezi kufichika. Bastola nayo ni kikohozi. Mwenye nayo huketi kwa namna yake. Hajiegemezi upande mmoja. Kila baada ya dakika kadhaa kiwiko kinashuka kupapasa kama ipo. Watu wa baraza si vipofu. Wamezeeka kwa kuwatazama watu.

Na hapa ndipo ninapoingia kwenye shaka yangu kubwa. Shati likipanda mara moja, hiyo ni bahati mbaya. Mie nimeshasikia kuwa shati hilohilo limepanda dukani, limepanda kwenye harusi, limepanda na kwengine. Hapo tena tunaongelea tangazo. Bwana Fulani anataka tusione, na anataka tujue. Anataka heshima ya mtu mwenye silaha bila ya lawama ya mtu anayeonesha silaha. Ukimuuliza atakwambia, "Ipi? Mimi nimekutishieni lini?" Usipomuuliza, amekushinda.

Linganisha na jambia. Wazee wetu wenye asili ya Oman walivaa jambia, na mpaka leo bwana harusi wa Unguja akipenda atavaa joho, kilemba na jambia, apigwe picha, asifiwe. Jambia lilikaa mbele, katikati ya tumbo, mpini umenakshiwa fedha. Kila aliyekutana na mwenye jambia alijua, na mwenyewe alijua kuwa umejua. Sisemi zama hizo zilikuwa za amani. Zilikuwa ni zama za utumwa, na aliyekuwa sokoni akiuzwa hakupata faraja yoyote kwa kuliona jambia la bwana wake. Ninachosema ni kidogo zaidi ya hapo: ile ilikuwa silaha iliyokubali kuangaliwa. Ilikuwa na jina lake, fundi wake, adabu zake. Hii ya kiunoni haina hata jina ambalo mtu anaweza kulitaja mbele ya watoto. Mitaani inaitwa mguu wa kuku. Angalieni ujanja wa lugha yetu, namna tunavyokipa jina la kitoweo kitu cha kuulia ili tuweze kukitaja huku tunacheka.

Nimesema baraza ina sheria zake. Ya kwanza ni kwamba mtu akikaa, vyeo vinabaki barabarani. Waziri mstaafu, mvuvi, mwalimu, mpiga debe wa daladala, wote wanakunywa kwa vikombe vilevile vinavyosuuzwa kwenye ndoo moja. Ya pili ni kwamba maneno hujibiwa kwa maneno. Unaweza kumwambia mtu kwamba chama chake kimeoza na yeye akakwambia chako kimekufa kitambo, mkapandishiana, na mwisho mmoja akawalipia wote kahawa. Kisiwa chenye siasa kama zetu, mtaa umegawanyika, nyumba imegawanyika, wakati mwengine chumba kimegawanyika, kisingepumua bila ya mabaraza. Sasa weka bastola moja tu, ya mtu mmoja tu, hata aliye mwema. Nani atamwambia amekosea? Tutaanza kumchekea kwenye mizaha isiyochekesha. Tutakubaliana naye kabla hajamaliza sentensi. Hatatumia risasi hata moja, na atashinda kila mjadala.

Mtu akidhani natia chumvi, atoke Darajani kwa miguu, aende Kisiwandui. Si mbali, hutatoka hata jasho. Hapo jioni ya Ijumaa, tarehe 7 Aprili 1972, Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, alipigwa risasi na kuuawa kwenye makao makuu ya Afro-Shirazi. Alikuwa amekaa na wenzake wakicheza bao. Bao! Mchezo wa kukaa chini, kufikiri, kutaniana. Sitaki kufungua hapa mjadala wa siasa za Karume. Una watu wake na una vitabu vyake. Nataka uione ile picha tu: watu wamekaa kucheza, wengine wanafika, na silaha inamaliza mazungumzo. Kilichofuata wazee wetu wanakikumbuka kwa kamatakamata, nyumba kwa nyumba. Adam Shafi, ambaye mwenyewe alifungwa baada ya tukio lile, alikuja kuiandika hofu hiyo katika riwaya ya *Haini*, iliyotoka mwaka 2003. Ukiisoma utaona kuwa kinachokaa moyoni zaidi ya vipigo ni ule wasiwasi wa kutojua: nani aliyekaa jirani yako ni nani hasa, na ndani ya nguo zake mna nini.

Wasiwasi huo haukwisha. Wakati wa mvutano wa uchaguzi wa 2015 na ule wa marudio wa Machi 2016, mji huu ulipata neno jipya, "mazombi": watu waliofunika nyuso, hawana sare, hawana jina, wana silaha. Tarehe 17 Februari 2013, siku ya Jumapili, Padri Evaristus Mushi alipigwa risasi na kufa alipokuwa akienda kusalisha misa Beit el Ras. Baada ya mambo kama hayo, mtu aliyevaa kiraia mwenye bastola hawi tena mfanyabiashara mwenye leseni machoni mwa anayemtazama. Anakuwa swali. Na swali lenyewe huwezi kuliuliza.

Sisi waandishi tuna picha yetu ambayo hatuisahau. Tarehe 23 Machi 2017, Dar es Salaam, Nape Nnauye, aliyekuwa ameondolewa uwaziri wa habari siku hiyohiyo, alifika kwenye hoteli ya Protea kuzungumza na waandishi. Mtu mmoja aliyevaa kiraia akachomoa bastola mbele ya kamera, mchana kweupe, kumlazimisha arudi ndani ya gari. Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, akasema hadharani kuwa ameagiza mtu huyo atafutwe. Rudia tena hapo: waziri mwenye dhamana ya polisi anaiona bastola kwenye picha kama sisi wengine, na analazimika kuagiza mwenyewe atafutwe. Hiyo ndiyo tabia ya silaha ya kificho. Inapotoka nje ya shati, haina baba.

Najua mtaniambia nini sasa, kwa sababu nimeshaambiwa. "Westgate."

Haya, Westgate. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walipoingia kwenye jumba lile la maduka Nairobi na kuua watu 67, raia mmoja, Abdul Haji, alikwenda na bastola yake aliyokuwa akiimiliki kihalali, akaingia ndani na kusaidia kuwatoa watu wakati vikosi vya serikali bado havijajipanga. Picha ya mtoto wa kike akimkimbilia ilizunguka dunia nzima. Mtu yule ni shujaa, na sitaandika sentensi ya kumpunguzia. Kama kuna siku bastola ya raia ilikuwa na maana katika Afrika Mashariki, ni siku ile.

Lakini isome hadithi mpaka mwisho. Siku hiyohiyo, ndani ya jumba lilelile, polisi wa kikosi maalumu na wanajeshi walifyatuliana risasi wenyewe kwa wenyewe kwa kutotambuana, na afisa wa polisi akafa. Hawa ni watu waliofundishwa, waliotumwa na serikali moja. Kama wao ilikuwa hivyo, jaribu kufikiri soko la Darajani siku ya mkesha wa Idi, watu hawana pa kuweka mguu, mwizi kampora mtu mkoba, na watu sita wamechomoa bastola kwa nia njema kabisa. Nani ni mwizi? Nani ni msaidizi? Risasi ikimkosa aliyekusudiwa, inaishia kwenye nini, zaidi ya mama aliyekuja kununua tungule?

Tena ushujaa wa Abdul Haji ulikuwa wa siku moja yenye moto. Bwana Fulani anataka ushujaa wa kila Jumatano, kwenye kahawa.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," rafiki yangu mmoja alinijibu, na akaona amenimaliza. Methali nzuri. Lakini nyoka yuko wapi? Darajani kuna vibaka, sikatai. Nimeshaibiwa simu mbili, moja mbele ya mlango wa soko. Kibaka wa Darajani anafanya kazi kwa vidole. Ukijua umeibiwa, yeye keshafika Michenzani. Bastola ingenisaidia nini, nimpige risasi ya mgongo kwa sababu ya simu? Na kama anayekuja ni jambazi kweli, mwenye silaha kweli, basi yeye ndiye anayechagua saa, na bastola yako iliyomo ndani ya shati ni moja zaidi ya vitu atakavyoondoka navyo. Fimbo ya karibu ina sifa nyengine ambayo methali haikuitaja: inapokosekana nyoka, hupata kazi nyengine. Hugeukia ugomvi wa kiwanja, ugomvi wa wivu, ulevi wa usiku mmoja, mtoto wa miaka saba aliyeona baba anapoiweka.

Kwa kuwa hapa ni nyumbani kwa wasomaji, niruhusuni niseme na vitabu vyetu navyo vina dhambi yake. Kizazi changu cha wavulana kilikua kinaazimana riwaya za Elvis Musiba na Ben Mtobwa. Willy Gamba na Joram Kiango walitufundisha kuwa mwanamme makini ana suti nzuri, ana mrembo pembeni, na ana bastola pahala fulani mwilini. Nilizipenda, na bado nazipenda, sitozichoma moto. Lakini kabla yao Zanzibar ilikuwa na mpelelezi wake mwenyewe. Muhammed Said Abdulla alituletea Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, halafu *Kisima cha Giningi*, *Duniani Kuna Watu*, *Siri ya Sifuri* na nyengine. Tunamkumbuka Bwana Msa kwa lipi? Kwa kiko chake na kwa akili yake. Anakaa, anavuta, anasikiliza, anamwacha mtu aseme mpaka ajifunge mwenyewe. Ni mpelelezi wa baraza. Ukimtoa kwenye mazungumzo, hana kazi. Sisemi mwandishi yule alikaa chini akaamua kuandika dhidi ya silaha. Nasema alikuwa mtu wa mji huu, na alijua kuwa mjini hapa siri hutoka mdomoni kwa subira, na kwamba mtu aliyetishwa hakwambii kitu cha maana.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na atakayeupinga aje tupingane, maneno kwa maneno. Askari mwenye silaha avae sare tumjue. Aliye kazini kiraia ana wakubwa zake, na wakubwa zake wawe tayari kusema "huyu ni wetu" siku shati litakapopanda. Mfanyabiashara anayehofia fedha zake aziweke benki, au azitume kwa simu kama tunavyotuma sote mpaka hela za mchicha. Anayeona lazima awe na bastola, aifungie nyumbani kwake. Na pahala popote tunapokaa pamoja, barazani, harusini, msikitini, kanisani, mkutanoni, bastola ya kiraia isiingie, na aliyeiona aseme ameiona. Hili la mwisho ndilo gumu. Sote tisa tuliona. Sote tisa tulikuwa na ulimi.

Kuna aliyekuwa nao zaidi yetu. Muuza kahawa aliniambia kuwa tangu jioni ile dele lililokuwa likimalizika kabla ya isha anarudi nalo nyumbani na kahawa nusu. Yeye ndiye maskini kuliko wote pale, na ndiye wa mwisho anayeweza kumuudhi mteja. Jumatano iliyopita Bwana Fulani alikuja, akakaa pahala pake, akaagiza. Muuza kahawa akammiminia, akampa kikombe kwa mikono miwili, halafu akasema, polepole lakini sote tukasikia, "Ami, samahani sana. Ukija siku nyengine, hicho kitu kiache nyumbani. Hapa watu wanakaa karibukaribu."

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, kikombe mkononi, kimya kama kawaida yangu.

Bwana Fulani akacheka. Akanywa kahawa yake mpaka mwisho, akalipa zaidi ya bei, akaondoka. Wiki hii sijamwona. Nafasi yake ipo, ileile ya mbali na sinia. Akija bila ya kile chuma, kashata nitampelekea mwenyewe.